Vidonge vinne au wiki nzima? Antibayotiki kabla ya kupandikizwa jino

SWALI

Daktari, salamu.

Nina miaka 52. Alhamisi ijayo napandikizwa meno mawili ya chini upande wa kulia, mahali pa magego yaliyong'olewa mwaka jana. Nina kisukari cha aina ya pili, natumia metformini, na kipimo cha mwisho cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilisoma asilimia 6.9. Sivuti sigara.

Daktari wangu wa meno ameniandikia amoksilini ya miligramu 500, vidonge vinne tu, nivimeze vyote kwa mpigo saa moja kabla ya upasuaji. Baada ya hapo ni dawa ya maumivu na dawa ya kusukutua, basi. Kaka yangu alipandikizwa jino la juu miaka miwili iliyopita kwa daktari mwingine. Yeye alipewa amoksilini yenye klavulaniki ya siku saba, na metronidazoli juu yake, na jino lake liko imara hadi leo. Anasema nimepunjwa, na kwamba mwenye kisukari ndiye wa kuongezewa dawa, si wa kupunguziwa. Alibakiwa na vidonge kumi vya ile ya klavulaniki, amenipa nianze navyo siku mbili kabla, kisha niendelee navyo nikishatoka.

Je, dozi moja inatosha? Nikianza mapema sitakuwa salama zaidi? Na vile vidonge vinne nimeze na chakula au tumbo tupu?

Jambo dogo la mwisho: marehemu mama alikuwa akisema kwamba nilipokuwa mtoto nilichomwa sindano ya penisilini nikatoka vipele. Sijachomwa tena tangu hapo. Daktari wa meno sikumwambia, kwa kuwa alichoniandikia ni amoksilini, si penisilini.

Mwenye miadi ya Alhamisi

JIBU

Dada, hilo uliloliita dogo ndilo kubwa kuliko yote, na halisubiri Alhamisi. Amoksilini ni penisilini. Imeongezwa kitu kidogo ili ivumilie asidi ya tumbo na iue aina nyingi zaidi za bakteria, lakini kiini chake ni kilekile ambacho mwili wenye mzio hukitambua na kukishambulia. Mpigie daktari wako leo umweleze ulichotueleza sisi. Mpaka akujibu, usimeze hata kimoja, wala cha kwake wala cha kaka yako. Vya kaka navyo ni amoksilini ndani yake.

Usikate tamaa lakini. Katika kila watu 10 wanaojulikana kuwa na mzio wa penisilini, takriban 9 wakipimwa vizuri hukutwa hawana. Sababu ni nyingi. Mtoto anaweza kuchomwa sindano akiwa na homa ya virusi, vipele vikatoka kwa sababu ya virusi, na lawama ikaangukia sindano. Wengine walitapika au kuharisha tu, jambo ambalo ni kero ya dawa wala si mzio. Na hata aliyekuwa na mzio wa kweli huweza kuupoteza: baada ya miaka 10 bila kuigusa dawa, takriban 8 kati ya 10 huwa hawana tena. Wewe una zaidi ya miaka 40.

Daktari atataka kujua aina ya vipele, kwa hiyo waulize wakubwa waliobaki katika familia. Vilitoka ndani ya saa moja au baada ya siku kadhaa? Vilikuwa mabaka yaliyoinuka na kuwasha sana, yanayohamahama mwilini, au madoa bapa yasiyo na shida? Midomo au ulimi vilivimba? Ulihema kwa taabu, ukazirai, ukalazwa? Ngozi ilitoka malengelenge na kubambuka, au ulipata vidonda mdomoni na machoni? Jibu la ndiyo katika hili la ngozi kubambuka lina maana moja tu: familia yote ya penisilini umeaga, na hata kupimwa kwa kuionja tena hakufai. Halafu jikumbushe wewe mwenyewe kama ukubwani uliwahi kumeza amoksilini au ampisilini kwa ajili ya kikohozi, sikio au kidonda bila kujua kwamba ni penisilini. Ukiwa ulimeza na hukudhurika, hiyo ni habari nzuri kuliko vipimo vingi.

Kupimwa hufanyika hospitali: kwanza ngozi, kisha dozi ndogo ya mdomo chini ya uangalizi, pakiwa na dawa ya dharura tayari. Nyumbani usijaribu. Kama kipimo hakiwezi kupatikana kabla ya Alhamisi, kuna njia mbili: kubadili dawa, au kusogeza tarehe. Meno yako yaling'olewa mwaka jana, na wiki mbili zaidi hazitaharibu kitu. Ningekuwa na uchaguzi, ningesogeza tarehe, na sababu inafuata.

Ushahidi tulio nao kuhusu vipandikizi umejengwa karibu wote juu ya amoksilini. Dawa za kuishika nafasi yake tumeziazima kutoka miongozo ya wagonjwa wa vali za moyo, ambao nao hupewa antibayotiki ya kinga kabla ya kutibiwa meno. Azithromaisini miligramu 500 kwa mara moja hutumika, ila asiandikiwe ovyo mtu anayetumia dawa za mapigo ya moyo. Doksisaiklini ni miligramu 100; imeze umekaa wima na maji ya kutosha, bila maziwa karibu, maana kidonge kikikwama kooni huunguza. Sefaleksini gramu 2 humfaa aliyetoka vipele vyepesi, si aliyevimba midomo, aliyetoka mabaka ya kuwasha au aliyekosa pumzi. Klindamaisini ndiyo iliyozoeleka kwa miaka mingi, lakini mwaka 2021 Shirika la Moyo la Marekani liliiondoa katika orodha yake, kwa kuwa hata dozi moja inaweza kuzusha maambukizi mabaya ya utumbo mpana yenye kuharisha kukali. Kama jina hilo ndilo utakaloandikiwa, muulize daktari kama hakuna jingine. Tena, tafiti kadhaa zilizopitia kumbukumbu za wagonjwa zimeonyesha kuwa wanaohesabiwa kuwa na mzio wa penisilini hupoteza vipandikizi zaidi ya wenzao. Haijabainika kama kosa ni la dawa mbadala au la kitu kingine, lakini linatosha kukufanya uone thamani ya kupimwa na kuondolewa jina hilo la mzio kama hulistahili.

Sasa tuseme umeruhusiwa amoksilini. Vidonge vinne vya miligramu 500 ni gramu 2, nacho ndicho kipimo kilichofanyiwa majaribio zaidi. Hukupunjwa.

Kinywa kina aina zaidi ya 700 za bakteria, na hakuna dawa ya kusukutua wala kidonge kitakachokisafisha kikawa kama kisu kilichochemshwa. Daktari akitoboa mfupa na kuingiza skurubu ya titani, yaani kipandikizi chenyewe, mate na bakteria huwa jirani. Hapo huanza mashindano: chembe hai za mfupa zinataka kuwahi kushika uso wa titani, na bakteria nao wanautaka. Wakitangulia bakteria, hujifunika utando wa ute ambao dawa hupenya kwa shida sana. Kwa hiyo kinachotakiwa ni dawa iwe imejaa kwenye damu wakati ufizi unafunguliwa, ili damu itakayoganda kuizunguka skurubu igande ikiwa na dawa ndani yake. Vidonge vya siku ya nne hukuta mashindano yamekwisha zamani. Kanuni hii si ya meno peke yake. Mwaka 1961 mpasuaji John Burke alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba antibayotiki ikitangulia bakteria jeraha hupona vizuri, na ikichelewa saa chache tu ni kama haikutolewa.

Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 6 yenye wagonjwa 1,162. Bila antibayotiki, takriban watu 6 kati ya 100 walipoteza kipandikizi. Kwa waliomeza amoksilini gramu 2 au 3 saa moja kabla, idadi ilishuka hadi karibu theluthi. Kwa hesabu ya dukani, ukiwapa dawa watu 25, unamwokoa mmoja. Si muujiza, ila ni faida halisi. Mapitio hayohayo hayakupata ushahidi kwamba kuendelea na dawa siku za baadaye kunaongeza kitu. Tukiri pia kwamba maambukizi yanayoonekana kwa macho, yaani usaha na uvimbe, hayakupungua kwa kiwango cha kutosha kusema dawa ndiyo iliyoyapunguza. Ndiyo maana wapo madaktari wanaoona kwamba mtu mwenye afya nzuri na kipandikizi kimoja chepesi anaweza kwenda bila dawa kabisa. Hao si wazembe.

Kuhusu kuanza siku mbili kabla: hapana. Nusu ya amoksilini iliyomo kwenye damu hutoka kwa takriban kila saa moja inayopita, kwa hiyo kidonge cha Jumanne hakina habari na Alhamisi. Kitakachokuwa kimefanyika katika siku hizo mbili ni kuwaondoa bakteria dhaifu kinywani na kuwaachia nafasi wale sugu, kisha unaingia chumba cha upasuaji ukiwa nao. Na kama umetumia amoksilini kwa ugonjwa mwingine wiki chache zilizopita, mwambie daktari. Huenda akachagua ya ukoo tofauti kwa sababu hiyohiyo.

Watu wengi huchanganywa na ile kanuni ya "maliza dozi". Inahusu tiba, pale ambapo ugonjwa tayari upo. Hapa hakuna ugonjwa, kuna kinga. Dozi moja ndiyo dozi nzima, umeimaliza ulipoimeza. Zamani hata wagonjwa wa moyo walikuwa wakipewa gramu 3 kabla, kisha gramu 1.5 saa sita baadaye. Mwaka 1997 Shirika la Moyo la Marekani likateremka hadi gramu 2 na kuifuta ile ya pili, kwa sababu ya kwanza hukaa kwenye damu muda wa kutosha.

Muda wenyewe una mtego wa lugha. Ukiambiwa "meza saa moja kabla", wapo wanaosikia saa moja asubuhi. Wanameza saa moja, upasuaji ni saa tano, na kufikia hapo sehemu kubwa ya dawa imeshatoka na mkojo. Muulize daktari wako: kisu kinaanza saa ngapi? Si saa ya kufika, wala saa ya kujaza fomu. Ikiwa kisu ni saa nne, meza saa tatu kamili, vyote vinne, na glasi ya maji. Kliniki ikichelewa nusu saa si neno. Zikipita saa mbili tangu umeze na hujaitwa, waambie, usikae kimya kwa heshima. Ukitapika ndani ya nusu saa, waambie pia. Njia iliyo salama kuliko zote ni kufika mapema na kumezea palepale mbele ya muuguzi, hasa kwako mwenye historia hii ya vipele.

Chakula hakiizuii amoksilini, kwa hiyo kunywa chai na kula kama kawaida. Kwa kuwa una kisukari ningesema ni lazima ule, na umeze metformini yako kwa wakati wake, mradi ni ganzi ya sindano tu. Kama utapewa dawa ya kusinziza, fuata maagizo yao ya kufunga na uulize kuhusu metformini. Pima sukari asubuhi hiyo na uandike.

Asilimia 6.9 ni kisukari kilichotulizwa vizuri, na watu wa kiwango hicho hufanikiwa na vipandikizi karibu sawa na wasio na kisukari. Kaka yako ana hoja kwamba kisukari huongeza hatari, lakini hatari hiyo inatokana na sukari yenyewe: ikipanda, chembe nyeupe za damu hulegea na mishipa midogo hupeleka damu kidogo kwenye jeraha. Antibayotiki ya wiki nzima hairekebishi hilo. Ungekuwa na asilimia 9 au 10, ushauri ungekuwa kuahirisha upasuaji mpaka ishuke, wala si kuongeza vidonge.

Kwa nini basi yeye alipewa siku saba? Lake lilikuwa la juu. Nyuma ya taya la juu mfupa mara nyingi ni mwembamba chini ya uwazi wa sainasi, na daktari hulazimika kuinua sakafu ya uwazi huo na kujaza unga wa mfupa. Kwa upasuaji wa namna hiyo madaktari wengi huongeza siku chache, ingawa ushahidi wake si mnene. Au palikuwa na usaha mahali pale, ambapo dawa ilikuwa tiba. Au ni mazoea tu. Metronidazoli nayo si ya kuongeza kama chumvi: haipatani na pombe na huzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mtu akatokwa damu isiyokata.

Kuna jambo moja linalosahaulika katika mabishano haya ya vidonge. Vipandikizi vingi vinavyotoka miezi ya mwanzo havitoki kwa kukosa antibayotiki. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja hufa, ndiyo sababu daktari hutoboa kwa hatua, kutoka ncha nyembamba kwenda nene, huku maji ya chumvi yaliyopoa yakimwagika bila kukoma. Ncha butu huchemsha mfupa. Skurubu ikigusa mate au mdomo kabla ya kuingia tunduni, imechafuka. Skurubu isiyoshika vizuri, au iliyoanza kutafuniwa mapema, hucheza. Mchezo unaozidi takriban sehemu moja tu ya kumi ya milimita huzaa nyama ya kovu badala ya mfupa. Sigara huziba mishipa. Hakuna kidonge kinachofidia lolote kati ya hayo. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kumuuliza daktari, muulize pia utakaa muda gani bila kutafunia upande huo. Kwa kawaida mfupa huhitaji miezi mitatu hivi, wakati mwingine hadi sita, kushikana na titani.

Kusukutua kwa klorheksidini, ya asilimia 0.12 au 0.2, kwa dakika moja kabla ya ganzi hupunguza idadi ya bakteria kwa bei ndogo na madhara madogo. Baada ya upasuaji anza kesho yake, si siku ileile, usije ukaiondoa damu iliyoganda. Mara mbili kwa siku, kwa wiki moja au mbili, na uiache nusu saa kati yake na dawa ya meno, kwani povu la dawa ya meno huipunguza nguvu. Meno yatapata rangi ya kahawia kidogo, husafishika.

Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni husaidia zaidi uvimbe, lakini mwenye kisukari aulize kwanza hali ya figo zake.

Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Hiyo ni kawaida, haihitaji antibayotiki, na hapa ndipo wengi hukimbilia duka la dawa bila sababu. Unaoanza kupanda tena baada ya siku ya tatu, au unaoambatana na usaha, ladha mbaya, homa ya nyuzi 38 au taya kukaza, mpelekee daktari akuone. Usaha hutolewa kwa mkono kwanza, dawa huja nyuma. Ukishindwa kumeza au kupumua nenda hospitali usiku huohuo. Na kwa kuwa yako ni ya chini: mdomo wa chini au kidevu vikiwa bado na ganzi kesho yake asubuhi, piga simu mara moja. Huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa, na skurubu ikilegezwa au kutolewa mapema huweza kupona.

Vidonge vya kaka vipeleke kwa mfamasia aviteketeze. Vya klavulaniki huharisha zaidi, na kumeza vinne kwa mpigo kungekupa klavulaniki nyingi usiyoihitaji. Halafu muulize kwa upole: kama alipewa vya siku saba na kumi vimebaki, yeye alimeza vya siku ngapi, na jino limeshikaje?